Mali Bila Daftari: Bei na Thamani ya Kadi za Zamani

Mwezi wa Machi mwaka jana klabu yetu ilipewa kopo la biskuti. Mtoaji alikuwa mzee mmoja wa Marrickville, jirani wa mwanachama mwenzetu, ambaye alikuwa anahama nyumba aliyoishi kwa miaka mingi. Ndani ya kopo mlikuwa na kadi za sigara 212 zilizofungwa kwa uzi mafungu mafungu. Chini yake, katika bahasha ya kaki, mlikuwa na postikadi 19 zenye picha za Unguja. Mzee alisema vyote vilikuwa vya marehemu baba yake. Alikuwa amesikia kwamba sisi tunasoma "lugha ya Zanzibar", akaona heri vije kwetu kuliko kutupwa jaani.

Tukiri mapema kwamba jambo la kwanza tulilofikiri lilikuwa pesa. Mfuko wa klabu siku hizo ulikuwa na dola 60 na senti kadhaa. Wanachama wapya walikuwa wanagombania nakala moja ya Kamusi Kuu ya Kiswahili, ile iliyotolewa na BAKITA mwaka 2015, na nakala hiyo ilikuwa imeanza kuachia kurasa. Basi swali letu la kwanza lilikuwa la sokoni: kadi hizi zina bei gani?

Makala hii inaeleza tulivyolijibu swali hilo, na kosa tulilolifanya tukiwa katika kulijibu. Tunaiandika kwa sababu tunaamini nyumba nyingi za jiji hili, za wenyeji na za jamaa zetu waliotoka Afrika Mashariki, zina kopo la namna hii mahali fulani.

Kadi na karata, bei na thamani

Tuanze na maneno, kama walimu wetu walivyotuzoesha. Kiswahili kina maneno mawili ya karatasi hii ngumu. Karata tuliipata kwa Wareno, pamoja na mchezo wenyewe. Kadi ilikuja baadaye kwa Waingereza, pamoja na ofisi, posta na arusi za kualikana kwa maandishi. Maneno hayo mawili yana mzizi mmoja huko Ulaya, lakini kwetu yameingia kwa milango tofauti na kila moja limeshika kazi yake. Hakuna mtu anayecheza kadi barazani, wala anayetuma karata ya mwaliko.

Bei na thamani nayo ni maneno ya kuja, yote mawili kutoka Kiarabu. La kushangaza ni kwamba katika Kiarabu neno thaman lina maana ya bei, yaani kile kinacholipwa. Waswahili walikuwa tayari wana neno bei, wakalipandisha hili la pili daraja. Bei ikawa ile anayoitaja muuzaji na kupunguzwa na mnunuzi. Thamani ikawa ile inayobaki kwenye kitu hata siku ambayo hakiuzwi. Tulikuwa tumejifunza tofauti hii darasani mwaka wa kwanza. Ilituchukua miezi mitano na kopo moja la biskuti kuielewa.

Kadi za sigara zilitoka wapi

Wanachama wetu wanaopita Kensington wanaijua Raleigh Park, mtaa wa nyumba za makazi zenye bustani na miti mirefu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hapo palikuwa na kiwanda kikubwa cha sigara cha W.D. & H.O. Wills. Kampuni hiyo ilianzia Bristol, Uingereza, na ni miongoni mwa zile zilizoifanya kadi ya sigara iwe kitu cha kila nyumba.

Asili ya kadi hizi ni ya kawaida kabisa. Katika miaka ya 1870 na 1880 sigara ziliuzwa katika pakiti laini za karatasi, na zilivunjika mfukoni. Watengenezaji wa Marekani wakatia ndani kipande cha karatasi ngumu ili kuikaza pakiti. Kisha wakaona ni hasara kuiacha nafasi ile tupu, wakachapa tangazo, halafu picha, halafu picha zenye namba. Namba ndiyo iliyofanya kazi. Mtu mwenye kadi namba 1 hadi 49 hakosi kuitafuta ya 50, na njia ya kuipata ilikuwa kununua pakiti nyingine. Wills walitoa seti ya wachezaji kriketi mwaka 1896, na tangu hapo meli, bendera, ndege, askari na wafalme wa dunia nzima walipita katika mifuko ya mashati ya wanaume wa Sydney kama walivyopita katika ile ya wanaume wa London. Watoto waliwasubiri wavutaji nje ya maduka wakiomba kadi. Baba alivuta sigara, mwanawe akapata elimu ya jiografia.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoifanya karatasi kuwa adimu, kadi za sigara zilikoma Uingereza mwaka 1940. Desturi haikufa, ilihamia kwenye vitu vya watoto wenyewe. Hapa Australia, Sanitarium walitia kadi katika maboksi ya Weet-Bix tangu miaka ya 1940, na kampuni ya peremende ya Scanlens ilianza mwaka 1963 kutoa kadi za wachezaji wa raga na wa kandanda ya Kiaustralia. Wazazi wa baadhi ya wanafunzi wenzetu bado wanazikumbuka kwa harufu ya ubani wa kutafuna uliokuwa umefungwa pamoja nazo.

Bei hutengenezwaje

Kwa nini kipande cha karatasi kilichotolewa bure kiuzwe leo kwa pesa nyingi? Wakusanyaji hutaja mambo matatu: uadimu, hali ya kadi, na jina la aliyechorwa. Mambo hayo hayakuteremka kutoka mbinguni, yaliwekwa na watu.

Mmoja wao alikuwa Jefferson Burdick wa Syracuse, Marekani, fundi wa kuunganisha vifaa vya umeme, ambaye aliugua ugonjwa wa viungo kwa muda mrefu wa maisha yake. Mwaka 1939 alitoa orodha iliyozipa seti zote za kadi za Marekani herufi na namba. Baadaye aliipa Metropolitan Museum of Art ya New York mkusanyo wake wote wa vitu zaidi ya 300,000, akaenda mwenyewe siku baada ya siku kuvibandika katika majalada, vidole vyake vikiwa vimekakamaa. Alimaliza mwanzoni mwa 1963, akafariki miezi michache baadaye. Upande wa Uingereza yuko Edward Wharton-Tigar, aliyekusanya kadi zaidi ya milioni moja na kuziachia British Museum alipofariki mwaka 1995. Watu hawa wawili hawakuwa na haja ya kuuza. Walitaka kila kadi iwe na mahali pake katika daftari.

Soko likalichukua daftari lao na kulifanyia kazi nyingine. Herufi na namba za Burdick ndizo zinazoitambulisha kadi maarufu kuliko zote, T206 ya Honus Wagner, mchezaji besiboli wa Pittsburgh. Ilichapwa na American Tobacco Company kuanzia 1909, kisha ikasimamishwa mapema. Wengine husema Wagner hakutaka watoto wanunue tumbaku ili wampate yeye, wengine husema hakulipwa. Zinazojulikana leo ni kama 60 tu. Moja iliuzwa mwaka 2021 kwa dola za Marekani milioni 6.6, na nyingine mwaka uliofuata kwa milioni 7.25. Mwezi huohuo wa Agosti 2022, kadi ya Mickey Mantle ya kampuni ya Topps, ya mwaka 1952, ilifika milioni 12.6. Sy Berger wa Topps alisimulia kwamba shehena ya kadi za mwaka ule zilizokosa wanunuzi ilipakiwa kwenye tishari na kumwagwa baharini. Uadimu wa Mantle, kwa hiyo, sehemu yake iko chini ya maji.

Jambo la hali ya kadi nalo lilipata waamuzi wake. Mwaka 1991 ilianzishwa kampuni ya PSA, ambayo huichunguza kadi kona nne, kingo, uso na mgongo, ikaipa alama kutoka 1 hadi 10, kisha ikaifunga katika kasha gumu la plastiki. Tofauti ya alama moja inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Hapo ndipo mikono ya watu ilipoanza kuwasha. Wagner wa kwanza kupewa alama na PSA, aliyekuwa mali ya mchezaji hoki Wayne Gretzky na mwenzake, alipata alama 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuikata kadi hiyo kingo zake ili ionekane safi. Kadi iliyosifiwa duniani kote kwa usafi wake ilikuwa imepitiwa na mkasi.

Tulipokisoma kisa hicho kwa mara ya kwanza tulicheka. Hatukujua kwamba wiki chache baadaye nasi tungekuwa na kisa chetu.

Sokoni

Mwezi wa Aprili wanne wetu walikwenda na kopo katika soko moja la mwisho wa wiki, kwa muuzaji wa vitu vya kale mwenye meza ya kadi na stempu. Alikuwa mtu wa subira, akatueleza kila alichokifanya. Alizipanga kadi za sigara kwa seti, akazitoa zenye mikunjo na zenye kona butu, akasema seti pungufu hazina wanunuzi wengi. Fungu moja tu lilimfanya avute kiti: kadi za wachezaji kriketi 38 zilizokuwa katika hali nzuri. Kwa hizo alitoa dola 240.

Kisha akazigeukia postikadi za Unguja. Sita zilikuwa zimesafiri kwa posta, zina stempu na muhuri unaosomeka; hizo alizipa dola 15 kila moja, kwa kuwa wakusanyaji wa stempu nao wanazitaka. Tano zilikuwa tupu mgongoni, safi kabisa. Hizo dola 12 kila moja. Nane zilizobaki hazikuwahi kutumwa, lakini mtu alikuwa ameandika nyuma yake, saba kwa wino na moja kwa penseli. Hizo alizipa dola 4. "Zimechafuliwa," alisema, bila ubaya wowote. Ndiyo lugha ya kazi yake.

Tulirudi nyumbani tukifanya hesabu. Mwenzetu mmoja akasema kwamba wino hautoki, lakini penseli inatoka. Siku tatu baadaye alituletea ile kadi ya penseli. Alikuwa ameifuta kwa kifutio laini, polepole, hata alama ya kalamu ilikuwa karibu haionekani. Kadi ya dola 4 ilikuwa imekuwa kadi ya dola 12. Tunaandika haya kwa "sisi" kwa makusudi, kwa maana hakuna hata mmoja kati yetu aliyemkemea. Tulimpongeza.

Picha zenyewe

Kabla ya kuuza, mlezi wa klabu alitushauri tuzipige picha kadi zote na kuandika maelezo mafupi, ili gazeti hili lipate makala. Hapo tukalazimika kuzitazama postikadi kwa mara ya kwanza, badala ya kuzihesabu.

Postikadi ni ndugu mdogo wa barua. Ya kwanza duniani ilitolewa na Posta ya Austria-Hungaria mwaka 1869, ikiwa haina picha. Picha zilipoanza, mgongo mzima uliachiwa anwani tu, na mwenye la kusema alilibana pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 mgongo ugawanywe kwa mstari, kulia anwani, kushoto salamu, na nchi nyingine zikafuata. Kwa hiyo mgongo usio na mstari ni dalili ya kadi ya zamani zaidi. Tulikuta nne za namna hiyo.

Stempu zilitusaidia kwa zilizobaki. Hadi 1895 posta ya Unguja iliendeshwa na Posta ya India. Mwaka huo Unguja ilipata posta yake, ikaanza kwa stempu za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar. Mwaka 1896 zikaja zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, aliyefariki Agosti mwaka huohuo. Toleo la 1904 halina sura, lina alama ya jina la Sultani Ali bin Hamud. Tangu 1913 ni sura ya Sultani Khalifa bin Harub. Mwenye kuzijua sura hizi anaweza kuikadiria kadi umri wake hata muhuri ukiwa umefutika.

Wapigaji picha wenyewe wengi walikuwa Wagoa wenye studio mjini Unguja: A. C. Gomes, Pereira de Lord, na ndugu wa Coutinho. Waliwapiga picha masultani na mabalozi, walipiga bandari na majumba, na pia watu wa kawaida waliopita barabarani au walioletwa studio. Majina ya wenye studio yamechapwa kwenye kadi. Majina ya waliopigwa hayapo. Chini ya mwanamke aliyeketi na mkufu na vipuli imeandikwa "mwanamke wa Kiswahili" kwa Kiingereza, basi. Mchezaji kriketi wa Sydney kwenye kadi ya sigara ana jina, timu na idadi ya mikimbio aliyopata. Kumbukeni kwamba jina la aliyechorwa ni jambo la tatu katika yale yanayotengeneza bei. Asiye na jina hawezi hata kuingia mnadani.

Nyuma pameandikwa nini?

Mwezi wa Julai tulizipeleka postikadi kwa bibi wa mwanachama mwenzetu, Blacktown. Bibi alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na anaishi Sydney na watoto wake. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akatupa chai ya tangawizi kwa sababu ya baridi, kisha akavaa miwani.

Alianza na Beit al-Ajaib. "Mnara huu umo juu ya nyumba," alisema, "kwa hivyo hii ni baada ya vita." Alikuwa na haki. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na mnara wa awali ulisimama mbele yake, mbali nalo. Mizinga ya Waingereza iliuharibu tarehe 27 Agosti 1896, na mwaka uliofuata mnara wa saa ukajengwa ukiwa sehemu ya jumba. Mnara huo wa pili nao uliporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati. Bibi aliishika kadi ile muda mrefu. Kwa anayetaka kulijua jumba lilivyokuwa, picha kama hiyo ni ushahidi.

Kadi ya wanawake wawili alitwambia tuitazame kanga. "Haina jina hii. Kanga za mwanzo zilikuwa hazina maandishi, ni mapambo tu. Majina yamekuja baadaye." Tukamwuliza ipi inapendwa zaidi. Akatushangaa. "Wanangu, nani ananunua kanga bila ya kusoma jina? Mtu anakwenda dukani, anasoma kwanza. Nguo nzuri yenye neno baya hainunuliwi, na nguo ya kawaida yenye neno la kukata hugombaniwa." Hapo mmoja wetu alinong'ona kwamba sokoni tuliambiwa kinyume chake: karatasi yenye maneno ndiyo ya bei ya chini.

Kisha akaifikia ile tuliyoifuta. Picha inaonyesha daraja juu ya maji, na watu wanaovuka. Maelezo yaliyochapwa ni "daraja, Zanzibar". Bibi alituonyesha kwa kidole: huku Mji Mkongwe, huku Ng'ambo, yaani upande wa pili wa maji, na daraja lenyewe ndilo lililoacha jina Darajani. Maji hayo yalifukiwa, na leo ni barabara na soko. "Marehemu babu yangu alikuwa akitwambia maji yakijaa yanafika hapa," alisema. Akaigeuza kadi, akaisogeza dirishani penye mwanga.

"Nyuma pameandikwa nini? Naona kama palikuwa na kitu."

Hatukuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa ameyanakili yale maandishi. Mwenzetu aliyefuta alikumbuka kwamba ilikuwa mistari minne, kwamba mlikuwa na mwaka, 1915 au 1916, na kwamba neno la mwisho lilikuwa jina la mtu. Jina lipi, hakukumbuka.

Kwa anayeijua historia ya jiji hili, miaka hiyo si ya kupita hivihivi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza HMS Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Miongoni mwa meli zilizotumwa kuizingira ilikuwa HMAS Pioneer ya Australia, pacha wa Pegasus kwa muundo. Ilifika mwanzoni mwa 1915, ikashiriki mapigano ya Rufiji tarehe 6 Julai mwaka huo, ikabaki katika pwani yetu hadi Agosti 1916, na ikarejea Sydney mwezi wa Oktoba. Mwaka 1931 ilizamishwa kwa makusudi nje ya lango la bandari ya Sydney, na iko huko mpaka leo. Mabaharia wa Sydney, basi, waliishi na bahari ya Waswahili kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mistari minne ya penseli ingeweza kutwambia kama kadi yetu ilirudi na mmoja wao, au ilipita njia nyingine kabisa. Tuliibadilisha kwa dola nane.

Bibi hakutugombeza. Alisema tu methali tuliyokuwa tumeikariri kwa ajili ya mtihani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulichoamua

Mkutano wa klabu wa Agosti ulikuwa mrefu. Kulikuwa na wenzetu waliosema tuuze vyote, kwani kamusi ni kazi ya leo na kadi ni mambo ya jana. Hoja hiyo haikuwa ya kubezwa: klabu isiyo na kamusi itafundisha nini? Wengine walisema tusiuze hata moja. Mwishowe tulikubaliana hivi.

Kadi za kriketi tuliziuza kwa dola 240. Seti hizo zimo katika majumba ya makumbusho na katika mikusanyo mingi, zimeorodheshwa na kupigwa picha. Kuondoka kwa zetu hakumpunguzii mtu elimu. Kamusi zimenunuliwa, na kadi nyingine za sigara tunazitumia katika mazoezi ya mazungumzo ya mwaka wa kwanza.

Postikadi 19 tumezihifadhi. Kwa macho ya soko tumepoteza dola 182, au 190 mkihesabu na ile iliyosafishwa. Lakini tumeona mfano wa namna mkusanyo wa mtu mmoja unavyoweza kugeuka hazina ya wengi. Mwingereza Humphrey Winterton alikusanya picha za Afrika Mashariki za kuanzia 1860 hadi 1960, na mwaka 2002 mkusanyo wake ulinunuliwa na Northwestern University ya Marekani. Una picha zipatazo 7,500, ziko wazi kwa watafiti. Zingeuzwa moja moja mezani, leo zingekuwa zimetawanyika duniani. Sisi tunazo 19 tu, lakini kanuni ni ileile.

Kila postikadi sasa ina ukurasa katika daftari la klabu, kwa Kiswahili. Tunaandika picha inaonyesha nini, mahali panaitwaje na wenyeji, stempu na muhuri, na maandishi ya mgongoni neno kwa neno, hata yasiyosomeka vizuri. Penye maelezo ya kuchapwa yasemayo "mwanamke wa Kiswahili" tunaeleza vazi, vipuli na mtindo wa nywele, na tunaacha mstari mtupu wa jina, endapo siku moja atatokea wa kulijaza. Mahali kumi na nne kati ya tulizonazo zimekwisha kutajwa majina yake na wazee wa Blacktown na Auburn. Kazi ya tafsiri ya maandishi ya wino inaendelea.

Tunaomba msaada wa namna mbili. Walimu wetu, tunahitaji istilahi. "Hali ya kadi", "uadimu" na "mgongo" zinatutosha kwa sasa, lakini kazi ya kukadiria na kutoa alama haijapata neno linalotupendeza. Wanachama, ulizeni nyumbani. Kama kuna postikadi, picha za studio au kadi za aina yoyote, zileteni mkutano wa Alhamisi tuzinakili, nanyi mtarudi nazo siku hiyohiyo. Msizifute, msizikate, msizipake kitu. Kama zimechafuka, zileteni zikiwa zimechafuka.

Ukurasa wa 11 wa daftari ni wa ile kadi ya daraja. Umejazwa kama kurasa nyingine. Picha: daraja la Darajani, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla maji hayajafukiwa. Stempu: haina. Mgongo: palikuwa na mistari minne kwa penseli, mwaka 1915 au 1916, na jina la mtu mwishoni. Imefutwa na sisi, Aprili.